Mgeni Siku Mbili: Kiangazi na Historia ya Mwambao wa Bugarama

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tulifundishwa methali hii shuleni kama somo la kupenda kazi. Katika insha hii nataka kuitumia kuuliza swali la historia: katika kijiji cha wavuvi, nani ni mgeni na nani ni mwenyeji? Swali hili linaonekana jepesi mpaka mtu aulizwe kwa nini anataka sauti katika jambo linalohusu kiwanja, nyumba au ufukwe wa kuanikia samaki. Hapo kila mmoja huanza kuhesabu miaka aliyokaa, na historia huingia hata kwa watu ambao hawajawahi kufungua kitabu chake.

Bugarama ninayoizungumzia si ile ya Muramvya, ambayo wasafiri wa Gitega huijua kwa soko la mboga, wala si ile ya Rwanda. Ni eneo la kusini mwa Bujumbura, lililokuwa tarafa hadi mwaka 2025. Sehemu yake kubwa iko milimani, lakini inateremka hadi Ziwa Tanganyika katika eneo la Magara, ambapo barabara ya taifa namba 3 inapita ikielekea Minago na Rumonge. Hadi mwaka 2015 tarafa hii ilikuwa ndani ya mkoa wa Bujumbura Vijijini. Mwaka huo ikawekwa katika mkoa mpya wa Rumonge. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi iliunganishwa ikabaki 5, na mipaka ikachorwa upya. Bibi yangu, mzaa mama, ambaye nyumba yake iko hapo, husema kwamba amehamishwa mikoa mara nyingi bila kuinuka kwenye mkeka.

Hoja yangu ni hii. Katika miaka 150 iliyopita mwambao huu umehamwa na kurudiwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo hatuwezi kuandika historia yake kwa kuwagawa watu katika makundi mawili, waliokuwapo daima na waliokuja tu. Wengi wa waliopo ni watu waliorudi. Na sisi tunaoshuka kila likizo ya kiangazi tumo katika historia hiyohiyo, tukipenda tusipende.

Kiangazi cha ziwani

Kwetu kiangazi huanza mwishoni mwa Mei na kuendelea hadi Septemba. Shule hufungwa kwa likizo kubwa, na kuanzia Julai watoto wa Bujumbura hupelekwa kwa bibi na babu zao. Ndugu walioko Ubelgiji na Kanada nao huja wakati huo, kwa sababu huko pia ni likizo. Magari madogo ya abiria hushusha watu kando ya barabara wakiwa na mifuko ya mchele, sabuni na sukari. Baada ya wiki chache huwapandisha tena wakiwa na ndagala waliokauka, mihogo na chupa za mafuta ya mawese.

Mgeni wa mjini hushangazwa kwanza na taa. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi huwasha taa majini, na ukiwa nchi kavu unaona kama kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Ndagala, ambao Tanzania huitwa dagaa, hufuata mwanga, na mukeke, ambao Kigoma huitwa migebuka, huwafuata ndagala ili wawale. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, hivyo vyombo hupumzika. Ndiyo maana maisha ya kijiji yanafuata kalenda ya mwezi. Siku za giza ni za kazi, na siku za mbalamwezi ni za kushona nyavu, kulipana madeni, kuposa na kuoa. Mtoto wa mjini anayefika akihesabu Jumatatu hadi Jumapili hujifunza upesi kwamba hapa kuna hesabu nyingine.

Asubuhi vyombo vinapofika, mwenye chombo hutoa gharama na sehemu yake, na wavuvi hugawana inayobaki. Wanawake hununua kwa beseni, mara nyingi kwa mkopo, kisha kazi ya kuanika huanza. Jua la kiangazi likiwa kali, ndagala wanaweza kukauka kwa siku moja. Masika, wingu moja linaweza kuharibu mtaji wa wiki nzima. Zamani walianikwa moja kwa moja kwenye mchanga, na mlaji aliusikia mchanga huo menoni. Katika miaka ya 2000 shirika la FAO lilisaidia kueneza vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka chini katika mwambao wa Burundi, na leo vichanja hivyo vipo sehemu nyingi. Samaki hukauka haraka zaidi, hupotea kidogo, na bei yake ni nzuri zaidi.

Methali yetu inaingia hapo. Nilipokuwa mdogo, bibi alituachia siku mbili za kuogelea na kulala. Siku ya tatu alitupa ungo badala ya jembe. Tuligeuza ndagala, tukafukuza kuku na ndege, tukachambua wakubwa na wadogo. Shangazi yangu aliyekuja kutoka Ubelgiji naye alipewa ungo, pamoja na miwani yake ya jua. Hakuna aliyeuliza kama ni mgeni au la. Kazi ndiyo iliyojibu.

Mwambao kabla ya barabara

Mtu anayeona barabara ya lami ikipita kijijini anaweza kudhani kwamba dunia ilifika hapa kwa gari. Ukweli ni kwamba barabara ya kwanza ilikuwa ziwa lenyewe. Katika karne ya 19 mitumbwi iliunganisha mwambao huu na Ujiji, Uvira na rasi ya Ubwari. Chumvi ya Uvinza ilipelekwa kaskazini, na vyakula, mafuta ya mawese, pembe za ndovu, na kwa huzuni watumwa pia, vilisafirishwa kwa njia hizohizo. Kiswahili kilikuja na safari hizo. Ndiyo sababu Rumonge ina wazungumzaji wa Kiswahili wa siku nyingi, kama mtaa wa Buyenzi huko Bujumbura.

Wazungu nao walipita majini. Burton na Speke walisafiri kutoka Ujiji hadi Uvira mwaka 1858. Livingstone na Stanley walipita mwambao wa Burundi mwezi Novemba 1871, na jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, linawakumbuka. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walianzisha misheni Rumonge. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa huko baada ya mgogoro na wenyeji, na misheni ikaachwa.

Naitaja misheni hiyo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka. Mwambao haukuwa mahali pasipo na wenyewe palipongoja kugunduliwa. Ulikuwa na watu waliojua kupokea wageni, kufanya nao biashara na, mambo yalipoharibika, kuwakataa.

Kuhama kwa kwanza: malale

Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya utawala wa Wajerumani, ugonjwa wa malale ulienea kando ya Ziwa Tanganyika. Mbung'o waliishi katika vichaka vya karibu na maji, yaani palepale ambapo watu walichota maji, walivua na kuegesha mitumbwi. Utawala ulijenga kambi za matibabu, ukaamuru vichaka vikatwe, na sehemu nyingi za mwambao ukawahamisha watu kwa nguvu kuwapeleka mbali na ziwa. Mitumbwi na uvuvi viliwekewa masharti.

Kwa daktari wa Kijerumani hiyo ilikuwa hatua ya afya. Kwa mvuvi ilikuwa kuambiwa aishi mlimani bila samaki na ajifunze upya kula. Baadaye, kidogokidogo, watu walirudi. Wengine walikuwa watoto wa waliohamishwa. Wengine walishuka kutoka milima ya Mumirwa kutafuta ardhi. Wengine walivuka kutoka Kongo, hasa Wabembe na Wabwari, ambao walijulikana kwa ujuzi wa uvuvi. Kwa hiyo hata kabla ya babu zetu kuzaliwa, "wenyeji" wa mwambao walikuwa mchanganyiko wa waliorudi na waliokuja.

Taa na masoko

Uvuvi wenyewe nao si wa "tangu enzi na enzi" kama wageni wa likizo wanavyopenda kusema. Kabla ya taa za karabai, mvuvi aliwasha moto wa kuni au matete kwenye mtumbwi na kuchota samaki kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 mambo mawili yalibadilika. Wagiriki walioishi Bujumbura walianzisha uvuvi wa meli zenye nyavu kubwa za kuzingira. Na wavuvi wadogo walianza kutumia mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa boriti, huku wavu ukishushwa katikati yake na kuinuliwa samaki wanapokusanyika chini ya taa.

Meli za Wagiriki hazikudumu. Uvuvi huo mkubwa ulififia mwishoni mwa karne, lakini mitumbwi pacha bado ipo, ingawa karabai zimeachia nafasi taa za betri na za jua. Kwa hiyo picha ambayo shangazi yangu huituma Ulaya kama picha ya maisha ya kale ni picha ya chombo ambacho umri wake haufiki miaka 80. Sisemi hivi ili kuidharau. Nasema kijiji kinachoweza kubadili taa, nyavu na vichanja ni kijiji kinachofikiri, na historia yake inastahili kusomwa kama historia ya watu wanaoamua mambo yao.

Kuhama kwa pili: 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi, hasa Watutsi, waliuawa. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Maelfu kwa maelfu walikimbia, na wengi wa mwambao walikimbia kwa mitumbwi.

Bibi yangu alikuwa miongoni mwao. Alifika Kigoma, kisha akapelekwa Katumba, makazi ya wakimbizi katika Tanzania ya magharibi, mbali na ziwa. Mama yangu alizaliwa huko, na alifikisha umri wa kuolewa kabla ya kuona wavu ukivuliwa majini. Bibi anasimulia kwamba kilichomsumbua miaka ya kwanza ni ukimya wa usiku. Alizoea kulala akisikia watu wakiitana majini.

Ardhi iliyoachwa haikubaki tupu. Watu wengine waliwekwa hapo au walijichukulia, na hasa katika tambarare ya Imbo karibu na Rumonge sehemu kubwa iliingia katika mashamba ya michikichi. Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, na hasa kuanzia mwaka 2008, wakimbizi wa 1972 walianza kurudi kutoka Tanzania. Zaidi ya 50,000 walirudi, na wapatao 162,000 walichagua kubaki na kupewa uraia wa Tanzania. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Mwanzoni iliwahimiza watu kugawana. Kuanzia mwaka 2011 ilielekea zaidi kuwarudishia waliokimbia ardhi yao yote. Kirundi kikapata maneno mawili mazito: abahungutse, yaani waliorudi, na abasangwa, yaani waliokutwa.

Mtu aliyekutwa kwenye kiwanja cha bibi alikuwa mzee aliyelima hapo zaidi ya miaka 30. Hakuwa amemfukuza mtu. Alipewa, akajenga, akazaa, akazika. Bibi naye hakuwa ameuza. Walikaa mbele ya bashingantahe na wakakubaliana kugawana. Mzee akabaki na sehemu ya juu ya barabara, alipokuwa amejenga. Bibi akachukua sehemu ya chini, kwa sababu aliyoitoa mwenyewe: alitaka kusikia maji.

Wanafunzi wenzangu wa historia hupenda kuuliza nani alikuwa na haki. Nikiwasikiliza hao wawili naona kwamba kila mmoja alikuwa na hati ambayo mwenzake hakuwa nayo. Bibi alikuwa na kumbukumbu ya mipaka, maembe yaliyopandwa na baba yake, na makaburi. Mzee alikuwa na miaka 30 ya jasho. Historia inayochukua hati moja na kuitupa nyingine itakuwa nyepesi kuandika, lakini haitakuwa ya kweli.

Maji yanayopanda

Leo hatari ya kuhama inatoka ziwani. Hili pia si jipya. Mwaka 1874 Cameron alisema kwamba mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio unaotoa maji ya ziwa. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mimea. Maji yalizidi kupanda hadi kizuizi hicho kilipovunjika, na Thomson alipofika mwaka 1879 aliukuta mto ukitiririka kwa nguvu. Kabla ya karne kuisha, ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Lilipanda tena sana mwaka 1964 baada ya miaka ya mvua nyingi. Kisha mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba, hoteli na mashamba kando ya mwambao wa Burundi.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani uachwe bila majengo. Kwa mlima unaoshuka wima kama wetu, mita 150 humeza mara nyingine kijiji kizima pamoja na barabara. Nyumba ya bibi imo ndani ya mita hizo.

Samaki nao wamepungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto linapoongezeka, maji ya juu na ya chini ya ziwa hayachanganyiki vizuri, hivyo chakula cha samaki hakipandi kutoka kilindini. Ongeza nyavu za matundu madogo na idadi ya wavuvi, na mtu ataelewa kwa nini Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kwa mwanasayansi hiyo ni miezi ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaana. Kwa mwanamke mwenye vichanja, ni miezi bora ya kuanika.

Agosti 2024 familia yetu ilikutana Magara. Shangazi wa Ubelgiji alitaka kumnunulia bibi kiwanja mlimani. Mjomba alisema tukihama sasa, mwenye fedha atajenga hoteli hapo na hatutarudi tena. Bibi alisikiliza wote, kisha akauliza: "Wanangu, mnazungumzia nyumba au mnazungumzia kazi?" Nyumba, alisema, inaweza kupanda. Kazi haiwezi, kwa sababu samaki hawapandi mlima.

Aliyetoa suluhisho ni yule mzee wa juu ya barabara. Alisema: "Dada, lete kitanda na karatasi zako huku. Vichanja viache." Na ndivyo ilivyokuwa. Bibi analala katika vyumba viwili alivyojengewa kwenye kiwanja ambacho kilikuwa chake kabla ya 1972, kwa ruhusa ya mtu aliyekutwa. Asubuhi anavuka barabara kwenda kazini.

Hitimisho

Kuna watakaosema kwamba hoja yangu inawapa wageni wa likizo haki wasiyostahili. Mtu akae Brussels miezi kumi na moja, kisha aje mwezi mmoja kuamua habari za ufukwe? Pingamizi hili ni la haki. Hata hivyo, tatizo hili si letu peke yetu. Katika Ureno, kwenye bahari ya Atlantiki, mji wa Nazaré una wanawake wanaoanika samaki kwenye vichanja ufukweni kama wa kwetu, na kila Agosti nchi hiyo hupokea watoto wake wanaofanya kazi Ufaransa. Mahali pa uvuvi hutoa watu, kwa sababu ziwa au bahari haiwalishi wote kila mwaka, kisha huwangoja.

Jibu langu linatoka katika methali niliyoanza nayo. Haisemi mgeni afukuzwe siku ya tatu, wala haisemi akabidhiwe shamba. Inasema apewe jembe. Mwambao wa Bugarama ulihamwa kwa sababu ya malale, ukahamwa kwa sababu ya damu, na huenda ukahamwa kwa sababu ya maji. Kila mara waliorudi walipata nafasi kwa kushika kazi pamoja na waliokutwa. Kwa mwanafunzi wa historia anayeshuka ziwani kila kiangazi, kazi hiyo ni pamoja na kukaa na wazee wa pande zote mbili za barabara, kuandika mipaka, majina ya miti na miaka ya maji, kabla nyumba hazijahama na wanaokumbuka hawajatutoka. Bibi amekwisha kunipa daftari la mkopo wa ndagala lenye kurasa tupu nyuma. Nimeanza na mwaka 1964, kwa sababu yeye na yule mzee wanaukumbuka wote wawili, na bado hawajakubaliana maji yalifika wapi.